Ana Sukari

Mpaka asubuhi ya siku ya nne ya likizo yao, Fundi Kufuli alikuwa ameshakula kuku wa kukaanga na chipsi mara sita, na mara zote sita alikaa meza ileile, ya pembeni karibu na mlango, mgongo ukutani kama askari wa zamu. Si kwamba alimpenda sana yule kuku. Tangu mlo wa tatu mafuta yake yalimkaa kifuani kama mpangaji aliyekataa kuhama. Alichokipenda ni zile picha. Juu ya kaunta walikuwa wamebandika picha za vyakula, kubwa, zimewashiwa taa, kila moja na namba yake. Ukinyoosha kidole umeshaagiza, huhitaji lugha ya watu. Na kabla hujamaliza kufuta meza kwa ile karatasi yao laini, sinia la plastiki limeshatua mbele yako. Dakika tatu. Alizipima kwa saa yake ya mkononi mara zote sita, na hazikufika nne hata siku moja.

Dakika hizo ndizo zilizompeleka pale. Mkewe ana sukari.

Sasa, watu husema "fulani ana sukari" kama wanavyosema ana shamba au ana mbuzi wawili, na mwenyewe hujibu, "Ninayo, lakini tunaelewana," maongezi yakaendelea. Lakini sukari ya huyu mama ilikuwa ya sindano. Asubuhi sindano, mchana sindano, jioni sindano. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuona vitu viwili palipo na kimoja, mwenye kuvuta dawa kwenye bomba, akalitazama kwenye mwanga, akatoa kiputo cha hewa na kuchoma, alikuwa mumewe. Mkono uliochonga funguo miaka thelathini na sita hautetemeki ovyo. Nesi wa kliniki alimfundisha mara moja tu, akamwambia, "Mzee, shika mambo mawili. Ukishamchoma, chakula kisizidi nusu saa. Na sukari ikishuka, mpe kitu kitamu upesi, angali anameza. Akishazimia usimtie kitu mdomoni, utampalia." Fundi aliyashika maneno hayo jinsi anavyoshika sura ya ufunguo. Hakuyaandika popote.

Kwao alikuwa na kibanda cha bati kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Ndani mlikuwa na jiliwa moja la kubania chuma, tupa tatu za kukwaruzia meno ya funguo, stuli moja, na ubao wa funguo tupu ambazo hazijachongwa meno, zikining'inia na kulia kila lori lilipopita. Watu waliofungiwa nje walimwita usiku na mchana. Alishafungua nyumba, maduka, maofisi, na mara moja chumba cha maiti, ambako alisema baadaye kwamba wateja walikuwa wavumilivu kuliko wote aliowahi kuwahudumia. Kufuli likishafunguka, Fundi alirudi hatua mbili nyuma, akageuza uso, akamwacha mwenye nyumba aingie kwanza. Hata maji alinywea nje. "Siku mkono wangu ukigusa kijiko cha mtu bila kupewa," alikuwa akisema, "nani atanipa mlango wake tena?" Mazoea hayo yalimwingia mpaka mifupani. Kwake mwenyewe hakuwahi kudokoa nyama sufuriani. Alisubiri apakuliwe, kama mgeni.

Mkewe naye alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Waliitana kwa kazi zao, Fundi na Mwalimu, mpaka wajukuu wakadhani ndiyo majina waliyopewa na wazazi wao. Na walikuwa na mtihani wao wa siri. Fundi akimwona mkewe amenyamaza isivyo kawaida, au jasho limemtoka bila jua, alimwambia, "Mwalimu, nisomee." Naye husoma ile aliyowasomesha watoto miaka yote: ba, be, bi, bo, bu. Akifika "bu" bila kujikwaa, basi, hali ni shwari. Akijikwaa, Fundi alichomoa peremende mfukoni.

Ilikuwa lazima ziwepo peremende kumi na mbili katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Hapo ndipo penye aibu ya hadithi hii, na afadhali isemwe mapema.

Mwalimu alipostaafu, watoto wao watatu waliwapa zawadi ya wiki moja ng'ambo. Mkwe wao, mke wa mtoto mkubwa, akawanunulia na kijitabu cha maneno: upande huu Kiswahili, upande wa pili lugha ya kule, imeandikwa inavyotamkwa ili hata babu asipate taabu. Fundi alikuwa hajawahi kupanda ndege. Ilipopaa, masikio yakaziba, akala peremende moja. Ilipotikisika akala mbili. Rubani akasema jambo ambalo hakulielewa, na kwa kuwa hakulielewa akala tatu. Ilipoanza kushuka akamaliza sita zilizobaki. Walipotua, mfukoni mlikuwa na makaratasi kumi na mawili, matupu kabisa.

Alikusudia kununua nyingine. Lakini kule kwenye kuku soda ilikuwa mkono ukinyooshwa unafika, kwa hiyo leo ikawa kesho. Mwalimu akiuliza, "Peremende zipo?" Fundi alipapasa mfuko, makaratasi yakalia kwaru kwaru. "Zipo." Si uongo mtupu, maana kweli kulikuwa na kitu kinacholia.

Basi asubuhi hiyo ya siku ya nne, ndani ya chumba cha hoteli chenye kitanda kilichobana mpaka mtu apite ubavu, Mwalimu alikaa ukingoni akivaa viatu na kusema, "Fundi, leo mimi sili kuku."

"Kuna samaki pia. Namba kumi na nne."

"Sili namba. Nimezifundisha miaka thelathini na moja, leo niambiwe nizile?"

"Mwalimu, ni chakula safi, kinakuja upesi..."

"Kipimo kilisoma ngapi jana baada ya hizo chipsi?"

Fundi akajifanya anatafuta soksi.

"Nakuuliza swali, mwanafunzi."

"Kumi na sita."

"Na juzi?"

"Kumi na tano na ushei."

"Haya. Unaogopa chakula cha wenyeji kitaniua kwa haraka, wakati chipsi zako zinaniua taratibu. Yule dada anayefagia hapa chini, umeona anachokula mchana? Samaki wa mchuzi na majani mabichi. Harufu inanifuata mpaka ngazini. Nimepanda ndege saa tisa nzima nije nile kitu kinachouzwa nyuma ya stendi ya kwetu?"

"Hatujui wanapika na nini."

"Wanapika na moto, Fundi."

"Na tumbo likikukataa?"

"Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Wewe lako limeshaanza kujifumba lenyewe," Fundi akasema, "ndiyo maana inabidi mimi nione kwa ajili ya wawili."

Alikusudia mzaha. Mzaha ulitoka mdomoni ukiwa mzaha, lakini ulipofika kule kitandani ulikuwa kitu kingine. Mwalimu aliinamia kiatu chake, akafunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Fundi alisimama na soksi moja mkononi, akatamani kuirudisha sentensi ile kama mtu anavyorudisha ufunguo uliochongwa vibaya.

"Basi," akasema baadaye. "Leo tutakula kwa wenyeji."

"Na usinitangaze," Mwalimu akajibu bila kumtazama. "Sitaki tuingie mahali pa watu uanze mgonjwa, mgonjwa, kama gari la hospitali. Mimi si mgonjwa. Nina sukari tu."

Wakatoka. Walitembea mno asubuhi ile, maana Mwalimu alikuwa na hasira, na hasira yake siku zote ilikuwa ya miguu. Walipita mtaa wa wauza vitambaa, wakapita daraja, wakapanda ngazi, wakashuka ngazi. Kifungua kinywa Mwalimu alikuwa amekula kipande cha mkate na yai, nusu ya alichozoea. Fundi aliliona hilo akalihifadhi kichwani, kisha jua likampiga akalisahau.

Mgahawa waliuona kichochoroni. Ulikuwa na meza nne zenye vitambaa vya plastiki, feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kujivuta, na pazia la maua lililotenganisha jiko. Mwenye mgahawa alikuwa mama mnene mwenye taulo begani na uso wa mtu asiyependa haraka. Hapakuwa na picha wala namba. Alimshika Mwalimu mkono, akampeleka nyuma ya pazia, na baada ya muda Mwalimu akarudi akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nimechagua mwenyewe," akasema. "Samaki na majani. Ananiita kitu fulani, sijui dada, sijui shangazi."

Fundi alifurahi kuona lile tabasamu, na furaha humfanya mtu afuate mazoea. Alimgeuza mkewe kuelekea ukutani, akatoa bomba kwenye kipochi, akavuta dawa, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha, akatoa kiputo, akamchoma ubavuni chini ya blauzi, kama alivyofanya kila walipoingia kule kwenye kuku. Sindano kwanza, trei ndani ya dakika tatu. Akatazama saa. Saa saba na dakika kumi.

Yule mama akaleta kisahani cha mkate. Fundi akainua kiganja: la, mkate haufai, tunasubiri chakula chenyewe. Mama akautazama mkate, akamtazama Fundi, akaenda kuuweka meza ya jirani, kwa bwana mmoja mpaka rangi wa majumba, aliyekuwa amechafuka rangi nyeupe hadi kwenye kope.

Ndipo kutoka nyuma ya pazia ikasikika kwaru, kwaru, kwaru.

Fundi alikaza masikio. Sauti ya chuma kikikwaruza aliijua kuliko sauti ya mama yake. Hii haikuwa tupa. Hiki kilikuwa kisu, na kilikuwa kikipita juu ya kitu chenye magamba.

"Mwalimu. Huyo samaki uliyemchagua, alikuwa mbichi?"

"Ulitaka nichague aliyechoka?"

"Nauliza, alikuwa jikoni, au alikuwa kwenye kapu?"

"Kwenye kapu. Bado macho yanang'aa. Kwani vipi?"

Fundi alikuwa akiitazama saa yake. Saa saba na robo. Samaki yuko kwenye magamba. Baada ya magamba kuna matumbo, baada ya matumbo kuna mafuta, moto, mchuzi. Na dawa imeshaingia mwilini, haichomoki.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Hapo angeweza kusema. Angesema, Mwalimu, nimekosea, nimekuchoma mapema, tuombe ule mkate. Lakini neno hilo lingelivuta jingine, la peremende, na hilo la peremende lilikuwa limeshakaa siku nne. Kosa dogo likilala siku nne huamka likiwa kubwa. Akanyamaza, akaomba Mungu aharakishe samaki.

Saa saba na dakika ishirini na tano. Mwalimu alikuwa akisimulia kuhusu mtoto mmoja wa darasa lake aliyekuwa akila chaki. Saa saba na dakika thelathini na tano simulizi ilikatika katikati, mtoto akabaki na chaki mdomoni. Feni ilikuwa ikizunguka juu yao, na bado juu ya mdomo wa Mwalimu palikuwa na ushanga wa jasho.

"Mwalimu, nisomee."

"Ba, be, bi, bo, bu. Na wewe ni msumbufu."

Fundi akapumua. Nyuma ya pazia mafuta yalianza kulia. Haya, yuko motoni. Dakika kumi tu. Alimtazama yule mpaka rangi akila mkate, ule mkate wake mwenyewe alioukataa, akauona unavyokwisha kipande baada ya kipande.

Saa saba na dakika arobaini na tano.

"Mwalimu. Nisomee tena."

"Ba," akasema. Akatazama kitambaa cha meza. "Be. Ba... be."

"Endelea."

"Kaa chini wewe! Nani kakuruhusu kusimama?"

Fundi alikuwa amekaa.

Mikono ya Mwalimu ilikuwa ikitetemeka juu ya meza, kijiko kikagonga glasi ya maji, ting, ting, ting. Kisha akamtazama mumewe kwa macho ya mbali, na kwa sauti ndogo, ya upole, ambayo Fundi hangeisahau maisha yake yote, akasema, "Nipe peremende moja basi."

Mkono wa Fundi ukaenda mfukoni wenyewe. Makaratasi yakalia. Akayashika, akayaminya, kana kwamba kwa kuyaminya sana moja lingeota kitu ndani yake. Alitamani apigwe kofi.

Akafungua kile kijitabu. Neno "mgonjwa" asiliseme, alikatazwa. Basi aseme kama wasemavyo watu wote, nesi, daktari, majirani: ana sukari. Akatafuta "ana", akaweka kidole. Akatafuta "sukari", akaweka kidole kingine. Akainuka, akapenya nusu ya mwili ndani ya pazia, akasema kwa lugha yao, taratibu, neno kwa neno, huku akimwonyesha mkewe: "Yeye ana sukari."

Yule mama akamtazama Mwalimu, akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali. Ameelewa! Fundi nusura ambusu mkono. Mama akaja mbio na glasi mbili za chai. Fundi akainyakua moja, akaonja kwanza isije ikaunguza.

Chungu. Chai kavu, nyeusi, chungu kama mwarobaini.

"Ana sukari!" Fundi akarudia, sauti imepanda. "Ana sukari, mama! Ana sukari!"

Mama akatikisa kichwa zaidi, kwa furaha zaidi, na akaonyesha mkoba wa Mwalimu uliokuwa kitini, akafanya ishara ya vidole: basi si aitoe, atie.

Fundi akaganda. Mama wa watu alikuwa ameelewa kila kitu alichoambiwa. Ameambiwa huyu mgeni ana sukari. Vizuri. Mwenye sukari yake hupewa chai kavu, akatia mwenyewe. Ndiyo adabu.

Kuna jambo mafundi chipukizi hulikosea. Ufunguo ukiingia lakini haugeuki, wao hulazimisha, na ufunguo hukatikia ndani. Fundi wa kweli huuchomoa, akauweka kwenye mwanga, akautazama jino kwa jino, maana mara nyingi kilichozuia hakikupungua, kimezidi. Jino moja tu limezidi.

"Ana" ndiyo imezidi.

Sukari. Neno moja. Lilikuwa pale tangu mwanzo, yeye akalipachika jino lisilohusika.

Alipogeuka kulisema, kichwa cha Mwalimu kilikuwa kimeshaanza kushuka kuelekea mezani, na mama alikuwa amerudi kwenye mafuta yake. Angali anameza, alisema nesi. Angali anameza. Na pale meza ya jirani, mbele ya mpaka rangi, kando ya glasi yake ya chai, kulikuwa na kopo la bati lisilo na kifuniko, na ndani yake kijiko kimesimama wima katika kitu cheupe.

Fundi hakuomba. Nadhani alikusudia kuomba, maana lile neno moja lilimtoka, "Sukari," lakini lilipotoka mkono ulikuwa umeshafika. Alilishika kopo. Papo hapo mkono mwingine, mnene, wenye rangi nyeupe kwenye kucha, ukaushika mkono wake juu ya kifundo.

Mpaka rangi alisema kitu, si kwa sauti kubwa, na maana yake haikuhitaji kijitabu. Miaka thelathini na sita ya kurudi hatua mbili nyuma, na leo Fundi Kufuli amesimama mbele za watu, ameshikwa mkono, na cha mtu kimo mkononi mwake. Masikio yalimwaka moto. Mwili wake wote, kwa mazoea yake yote, ulimwambia aachie.

Hakuachia. Alimtazama yule bwana machoni, kisha akaelekeza kidevu nyuma yake.

Mpaka rangi akachungulia pembeni ya bega lake. Akamwona mama mwenye mvi, uso umelowa jasho, akikikwaruza kitambaa cha meza kwa kucha kama anayefuta ubao. Vidole vyake vikalegea. Si hivyo tu, alisukuma kiti akasimama yeye mwenyewe.

Fundi alimimina sukari kwenye glasi ya maji, vijiko vinne, vitano, akakoroga kwa kidole. Akaileta mdomoni kwa mkewe. Mwalimu akafumba midomo, akaweka kiganja kifuani.

"Asante," akasema kwa adabu zote. "Nimeshiba."

"Mwalimu, kunywa."

"Nimeshiba, jamani. Wape watoto."

"Kunywa, nakuomba."

"Wewe umetoka darasa gani?" Mwalimu akauliza kwa ukali, ulimi mzito. Macho yalikuwa yakifumba na kufumbua. Mpaka rangi alikuwa amemshika mabega asianguke.

Fundi alipiga magoti sakafuni. Ilimjia ghafla, sijui kutoka wapi. Akafanya sauti ndogo, ya mtoto wa miaka sita. "Mwalimu, mimi sijui kunywa. Nionyeshe."

Mwalimu alimtazama mtoto huyo mwenye ndevu nyeupe. Akatoa pumzi ya mtu aliyechoka na ujinga wa dunia. "Leta hapa," akasema, akaishika glasi kwa mikono miwili, na Fundi akaishika pamoja naye. "Tazama. Unashika... hivi. Unainamisha. Unameza."

Akameza. Akaonyesha tena, akameza tena. Mwanafunzi aliomba aonyeshwe mpaka glasi ikabaki na mchanga wa sukari chini, naye akauokota kwa kidole, akampaka ndani ya shavu.

Kisha wakasubiri. Hakuna kusubiri kurefu kama kule. Fundi aliitazama saa, lakini mshale ulikuwa umekataa kutembea. Yule mama alikuwa ametoka jikoni, ameshika mdomo kwa taulo. Mpaka rangi hakuachia mabega. Dakika tano. Dakika nane. Jasho la juu ya mdomo likaacha kuongezeka. Dakika kumi na moja, mikono ikatulia juu ya meza, kama kitu kilichorudishwa mahali pake.

"Ba, be, bi, bo, bu," Mwalimu akasema, bila kuulizwa. Akageuza shingo taratibu. "Fundi, huyu bwana kanishika nini? Blauzi yangu mpya imejaa rangi."

Fundi akakaa chini sakafuni palepale.

Samaki alifika wakati huo, mzima, anafuka moshi, majani mabichi pembeni. Mwalimu alikula, mkono ungali mdhaifu, mpaka nusu ya samaki ikaisha. Ndipo Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa makaratasi, akayapanga juu ya meza moja baada ya jingine. Kumi na mawili.

Mwalimu aliyasogelea kuyaona vizuri. "Zote?"

"Ndege ilitikisika."

"Hata ile ya ndimu?"

"Ya ndimu ndiyo ilikuwa ya kwanza."

Mwalimu hakucheka. Aliokota karatasi moja, akaiminya karibu na sikio lake, ikalia kwaru kwaru. "Siku nne," akasema, "mume wangu ananipapasia karatasi."

"Nisamehe."

"Na sindano umenichoma samaki angali anavuliwa koti."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Ningekufa hapa, ungewaambia nini watoto? Kwamba niliuawa na chakula cha wenyeji." Aliutoa mfupa mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani. "Na wangekuamini. Hilo ndilo linaloniuma."

Ilikuwa kweli. Mwalimu alinyoosha mkono, akakichukua kile kipochi cha dawa kutoka upande wake wa meza, akakiweka mapajani, akakifunika kwa viganja vyote viwili.

"Kuanzia leo hiki nakaa nacho mimi. Utachoma wewe, maana mimi sioni. Lakini hakifunguki mpaka sahani iguse meza. Iwe ya kuku, iwe ya mfalme." Kisha akamsogezea samaki. "Sasa kula. Na usiushike uma kama tupa."

Fundi akala. Alikuwa hajajua kwamba ana njaa ya siku nne.

Kesho yake mchana walirudi kichochoroni. Hawakujadiliana, miguu ya Mwalimu ilikata kona na ya Fundi ikaifuata. Mama mwenye mgahawa alipowaona mlangoni hakusalimu kwanza. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka na kopo la sukari lililojaa mpaka ukingo, akalitua katikati ya meza yao, ndipo akasalimu. Mpaka rangi, leo akiwa wa bluu, aliinua glasi yake kutoka meza ya jirani na kulivuta kopo lake karibu na kifua, akamkonyeza Fundi.

Fundi akacheka, lakini kidogo. Kutoka nyuma ya pazia ilikuwa imeanza: kwaru, kwaru, kwaru. Alitazama saa yake. Akatazama kile kipochi mapajani mwa mkewe, vidole vimekifunga kuliko kufuli lolote aliloliona maishani. Mfukoni mwake mlikuwa na peremende mpya kumi na mbili, alizonunua Mwalimu mwenyewe, akazihesabu moja moja akizitia. Fundi hakuigusa hata moja.

Walisubiri robo tatu ya saa. Mwalimu alimalizia ile hadithi ya mtoto aliyekula chaki. Sahani ilipokuja, mama aliiweka mezani, na Mwalimu akaisukuma kidogo kwa ncha ya kidole, kuhakikisha kwamba ni moja, na kwamba kweli imetua.

Akafungua kipochi.

"Haya, Fundi," akasema. "Sasa."